Kipande cha Mti Chini ya Pedali

Siku yangu ya kwanza kazini, Patron, yaani bosi wangu, alipachika kipande cha mti chini ya pedali ya mafuta. Patron alikuwa Mjerumani, dereva wa mashindano ya magari aliyewahi kusifiwa kwao, kisha akaja Lubumbashi kufungua gereji na kuendelea kushindana huku. Akaniambia nisipite sitini kwa saa: "Wee Ilunga, soixante. Hapana kupita. Moteur iko mupya."

Kazi yangu iliitwa rodaje. Ninyi vijana mnanunua gari na kulikimbiza siku hiyohiyo. Haya, ni lenu. Zamani injini iliyofungwa upya ilitembezwa polepole kwanza, mpaka pistoni na silinda zizoeane. Ukiikimbiza mapema, zinakwaruzana na injini imekwisha. Basi nilikwenda Lukafu na kurudi ndani ya gari la mashindano, malori ya mahindi yakinipita na madereva wake wakinicheka.

Baada ya mwezi Patron alikitoa kile kipande. Mguu ulikuwa umeshajifunza.

Nilifanya rodaje miaka kumi na minne. Kila injini aliyoshinda nayo kwenye mashindano ya Karavia niliilea mimi. Kila mara nilimuuliza, "Na mimi, Patron?"

"Course ingine utakimbia weye."

Yaani mashindano yajayo. Nikamwamini, mjinga mimi.

Hatimaye alivunjika mkono wiki ya mashindano. Shefu wa atelie, msimamizi wa gereji, akanifuata: "Ilunga, Patron anasema leo njo siku yako. Kamata gari." Mke wangu Agnès alivaa kikwembe cha sherehe, akasimama kando ya barabara.

Bendera ikashuka. Nikakanyaga. Gari likaruka, sitini ikafika, na mguu ukasimama. Chini ya pedali hapakuwa na kitu. Niliusukuma, nikautukana kwa Kiluba. Kila injini ilipopaza sauti, mguu uliinuka wenyewe. Nilimaliza wa mwisho.

Patron alifungua boneti, akasikiliza. "Moteur iko muzuri sana," akasema. "Lundi utaanza ingine." Hakuwa anatania, na hilo ndilo linaloniuma.

Jumatatu nilirudi kazini, na nikaendelea hadi kustaafu. Nina hasira naye, lakini zaidi nina hasira na mtu yule aliyerudi Jumatatu. Patron alipanda ndege Luano akaenda kwao, akafia huko.

Juzi nilikuwa natoka Lukafu na Agnès, barabara tupu mbele yetu.

"Papa, kanyaga basi!" akasema Agnès. "Nani anakukataza?"

Nikaangalia kipimo cha mwendo. Sitini. Patron amekufa, na mguu wangu bado unamfanyia kazi.