Mercedes ya Ottmar Ilivyobaki Denmark

Shangazi Roswitha, shangazi wa mke wangu, kawazalisha nusu ya akina mama wa Göttingen, kwetu Ujerumani, na maisha yake yote hajalipa faini hata moja. Huyu mama taa ya waenda kwa miguu ikiwa nyekundu anasimama, hata kama barabara nzima haina gari. Ukivuka wewe, atakusema mpaka ufike ng'ambo. Lakini mpe barabara kuu, pale sheria yetu isipoweka kikomo cha mwendo, uone. Ana miaka sabini na nne, anakanyaga mafuta mpaka mia mbili huku anakusimulia habari za goti lake.

Juni tulikuwa tunakwenda Aarhus, Denmark, kubatiza kitukuu chake. Gari lake lilikuwa gereji, akamwomba mdogo wake Ottmar ile Mercedes. Ottmar aliinunua kwa kiinua mgongo na hajawahi kumwazima mtu, hata mkewe. Alikabidhi funguo kama anayeoza binti.

Tulipovuka mpaka, kibao kikaonyesha 130.

"Shangazi, hapa mia na thelathini."

"Nimekiona. Wanashauri tu."

Na kwetu ni kweli, 130 ni ushauri, hutaki unaacha. Nilikuwa nakula mkate wangu wa jibini, nibishane na mkunga ya nini?

Karibu na mji wa Kolding, gari la kawaida tu nyuma yetu likawaka taa za buluu. Akashuka askari mpole, Kijerumani chake kizuri kuliko changu.

"Mama, mia mbili na sita."

"Ndiyo," shangazi akasema, kama kasifiwa. "Limetulia kweli."

"Naomba funguo. Ukipita mia mbili hapa, gari linachukuliwa."

"Mpaka lini?"

"Mahakama ikikubali, ndiyo basi. Linapigwa mnada."

"Mwanangu, hili si langu. La mdogo wangu."

"Sheria haiulizi la nani, mama."

Mdomo wake ulibaki wazi. Nilimwona siku alipomzika mumewe, hakuwa hivi. Akakaa kwenye chuma cha pembeni mwa barabara, keki ya ubatizo mapajani, akapiga simu, kaiweka spika.

"Ottmar, umekaa?"

"Umelikwaruza."

"Halina hata mkwaruzo."

"Sasa nini, dada?"

"Limechukuliwa."

"Na wezi?"

"Na polisi. Kisheria."

"Ulikuwa ngapi?"

"Mia mbili na sita."

"Kibao hakikuwepo?"

"Kilikuwepo. Nilidhani ni ushauri."

"Hata mimi ningedhani," Ottmar akasema, sauti ndogo kabisa, akakata.

Gari la kuvuta likaja. Shangazi akainuka, akanipa keki, akamsogelea yule jamaa wa minyororo.

"Taratibu hapo nyuma," akamwambia. "Mwenyewe huwa analifuta kwa mkono."