Kifaranga Chini ya Kibuyu

Jirani yangu hapa Nyakato, tangu apunguzwe kazi kiwandani, anafuga kuku wa mayai chumbani kwake. Harufu ile ya pumba na vifaranga hunirudisha uani kwa baba.

Nilikuwa mtoto wa kike, bado mdogo. Kifaranga mmoja alinyeshewa na mvua, tukamkuta amelala ubavu, macho yamefumba.

"Mtupie mbwa," baba akasema.

"Simtupi."

"Unasemaje?"

"Bado anapumua, baba."

Nikamfunika kwa kipande cha kibuyu, nikaanza kukigonga kwa kijiti, taratibu, kama tulivyozoea kumwamsha kifaranga aliyezimia. Kaka zangu wakacheka.

"Mganga wa kuku huyo. Tukuletee na mbuzi wa malipo?"

Niligonga mpaka mkono ukaingia ganzi. Ndipo nikasikia sauti nyembamba inalia humo ndani.

Alikua akawa tetea. Kwetu mayai yalikuwa ya wanaume, mwanamke hakuyala. Alipotaga yai la kwanza nililichemsha, nikaketi katikati ya ua, nikalila lote huku baba ananitazama. Nikamaliza kwa kulamba chumvi iliyobaki vidoleni.