Kamera ya Gemu Iliyokataa Kuona

Enzi zetu, nyinyi mnaonuna kwa sababu simu yenu ina kamera tatu na ya jirani ina nne, kamera ilikuwa kitu cha kuogea. Mtu alioga, akajipaka mafuta mpaka magotini, akavaa nguo ya kanisa, kisha akasimama wima amekunja uso, picha isije ikamwonyesha akifurahi. Sisi wa Yamumbi, nje kidogo ya Eldoret, tulipigwa picha Krismasi na siku ya kubatizwa. Siku zingine zote tulicheza michezo yetu ya kati na bladaa mpaka jioni, tukachapwa na mama yeyote aliyekuwa karibu, tukala kwa yeyote aliyekuwa ameivisha.

Mara nyingi aliyekuwa ameivisha ni Mama Njoki. Alikuwa na nyumba na duka upande wa pili wa ua wetu, na binti yake Njoki alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Sisi tulipeleka mursik, maziwa yetu ya kibuyu, wao walileta githeri yao ya mahindi na maharagwe, na sufuria zilizunguka mpaka hakuna aliyejua ipi ni ya nani. Isipokuwa Mama Njoki. Yeye alizijua zake zote kwa mibonyeo.

Kisha ukaja ule uchaguzi wa mwaka 2007 uliogombanisha makabila. Nyumba na duka la kina Njoki vikachomwa na vijana tuliowajua kwa majina, vijana wenye heshima zao ambao leo hutusalimia kanisani na kutuuliza habari za afya. Kina Njoki wakalala kwenye mahema uwanja wa maonyesho, halafu wakaenda kwa jamaa zao Nyahururu. Wakubwa wakapeana mikono kwenye televisheni, tukaambiwa tusameheane, na sote tukafurahi sana kujua kumbe mambo huisha kirahisi hivyo.

Kwetu hayakuisha. Njoki alinipigia kwa simu ya kaka yake. "Jerop, mathe anasema harudi huko hata kutembea. Siku ile nyumba yetu ikiwaka alimwona mamako kwa mlango wa jikoni. Amesimama tu. Sasa anataka kujua alikuwa anangoja nini."

Nilipomuuliza Mama, aliniambia nikafunge kuku. Nikauliza tena kesho yake, nikatumwa maji. Mimi nilimtaka rafiki yangu, basi, na sikuwa na njia ya kumpata mpaka Mama ajibu hilo swali.

Hapo ndipo Anko Kibet, mdogo wa Mama, alipokuja kutuokoa. Anko alikuwa mkimbiaji. Eldoret, nani si mkimbiaji? Alienda Ulaya kwenye mbio, akamaliza katikati ya watu wengi, akarudi na trakisuti na zawadi yangu: kamera ya gemu. Si gemu, jamani. Kamera peke yake, ile ya kuwekwa juu ya televisheni ili mashine ya gemu ikuone ukirusha mikono. Mashine yenyewe hakununua. Kwake yeye kamera ilikuwa kamera. Boksi lilijisifu kwa Kiingereza, nami nikamsomea: inaona hata mwanga ukiwa hafifu, na ina mikrofoni nne za kumsikia mtu aliye upande wa pili wa chumba.

"Unaona?" Anko akasema. "Hiyo ni kamera ya maana."

Mimi na Njoki tukapanga. Jumamosi wao wangeenda saiba, lile duka la intaneti, kule Nyahururu, sisi saiba ya Eldoret mjini, na wale wamama wawili waonane uso kwa uso. Saiba yetu iliendeshwa na Deno, kijana aliyejua kila kitu, hasa asichokijua. Mama alikubali shingo upande. Alifunga kitambaa cha kanisa na kubeba kibuyu cha mursik, nadhani akitarajia kitapita kwenye waya.

Deno akachomeka kamera. Kitaa chekundu kikawaka, kompyuta ikafikiria sana, na mahali pa sura zetu pakabaki peusi tii. Kutoka Nyahururu, paji la uso la Mama Njoki likaja vipande vipande, likaganda. Deno akachomoa waya, akaupuliza kwa mdomo, fundi kamili, akachomeka tena. "Halo! Halo!" Kimya.

"Imekataa," akatangaza. "Hii ni ya gemu, si ya kompyuta. Haiwezi kazi."

Nikamkumbusha zile mikrofoni nne.

"Siste, hayo ni maneno ya biashara," akasema, akaenda kugombana na mashine ya fotokopi. Mtaalamu wetu hakujua kwamba kompyuta ilikuwa imekataa macho ya ile kamera, lakini masikio ilikuwa imeyakubali.

Mama akaketi kwenye benchi kule mlangoni, akashusha pumzi.

"Afadhali," akaniambia. "Ningemwangalia na macho gani? Ule moto niliuona, Jerop. Nilikuwa nimejaza sufuria maji, ile kubwa, nikafika mlangoni. Nikawaona wale vijana, na wewe uko nyuma umenishika leso. Miguu ikakataa. Nilisimama na hayo maji mpaka paa likaanguka. Halafu unajua niliyafanyia nini? Niliyapikia chai."

Akalia. Sijawahi kumwona Mama akilia vile, tena mbele ya watu waliokuja kupiga chapa barua za kazi. Nilimwonea huruma mpaka nikamsahau Njoki. Hata fotokopi ilinyamaza. Kisha spika ikakohoa.

"Mama Jerop."

Mama akaruka, kibuyu nusura kianguke.

"Mama Jerop, hiyo sufuria kubwa si ni yangu? Ile imebonyea kando?"

Mama akaitazama ile spika. "Ni yako," akasema. "Ulinipatia wakati wa Krismasi."

Njoki aliniambia baadaye kwamba mama yake alimziba mdomo tangu Deno aliposema halo, kwa sababu alitaka kusikia na hakutaka kujibu.

"Hata mimi niliogopa," Mama Njoki akasema. "Nilitokea dirishani na kiatu kimoja. Usiiunguze hiyo sufuria. Nitakuja kuichukua."

Mama akacheka na machozi yake usoni. Deno akaja mbio kutoka kwa fotokopi. "Si niliwaambia itashika tu?"

Mama Njoki alikuja kweli, mara moja. Alikunywa chai ya sufuria ile ile, akauza ploti, akarudi Nyahururu. Sufuria hakuibeba, na Mama hakumkumbusha. Pale kwao siku hizi kuna vyumba vya kupanga, na wapangaji wa kila kabila.

Leo mpwa wangu ananipigia simu ya video akiwa chooni, amejiwekea masikio ya sungura, na ananilaumu eti naganda. Mimi na Njoki tunaonana safi mpaka chunusi, tunaulizana "uko poa?", tunakata. Wale wamama nao wamejua simu ya video. Wanaonyeshana meno ya bandia wakicheka.

Lakini uchaguzi ukikaribia, Mama Njoki hataki picha. Hupiga simu ya kawaida na kuuliza jambo moja.

"Sufuria iko?"

"Iko," Mama humjibu. Kisha huenda mferejini, akaijaza maji, akaiweka mlangoni.