Siku Nilipompelekea Jaji Mbuta

Jamani, hii nawasimulia huku nimefunika uso, maana kule Muhuru Bay mpaka leo nikipita sokoni akina mama wanaouza omena, wale dagaa wa ziwani, wananiita "Mwalimu Hongo", na hilo neno ni mimi niliyewafundisha watoto wao!

Nilikuwa mlezi wa klabu ya uadilifu katika shule yetu ya msingi, na siku hiyo watoto wa gredi ya tatu walikuwa wanaigiza mchezo wa kupinga ufisadi, wazazi wamejaa uwanjani, na jaji, afisa wa elimu mpole kutoka Migori mjini, amekuja kuamua kama tutaenda mashindano ya Homa Bay. Yawa, wale watoto waliigiza! Watu walisimama, vigelegele juu, nami nikashindwa hata kukaa kwa furaha.

Sasa, nilikuwa nimemnunulia mgeni samaki, mbuta mkubwa wa ziwani, wa kubeba nyumbani (kwetu mgeni haondoki mikono mitupu, mnajua), na nilipanga kumpa baada ya matokeo, lakini jua lilikuwa kali, barafu imeyeyuka, samaki ameanza kutoa harufu, nikajiambia, ah, wacha nimpe tu sasa hivi. Nikakimbia hadi mezani, yeye bado anaandika alama, nikamlaza samaki mbele yake, mkia unaning'inia, nikasema kwa sauti tamu, "Mzee, pokea hiki kitu kidogo."

Kitu kidogo! (Maneno yote duniani, nikachagua yale yale ya polisi mla rushwa wa mchezo wetu.)

Achieng, aliyeigiza mpelelezi na bado amevaa kofia ya babake, akaruka juu. "Mwalimu! Hiyo ni hongo!"

Na darasa zima, vile nilivyowafunza: "Hongo! Rudisha! Hongo! Rudisha!" Wazazi nao wakadakia. Nikamnyakua yule samaki, akaniteleza, akaangukia viatu vya mwalimu mkuu, nami nikamfuata kwa magoti.

Jaji alicheka mpaka akatoa machozi. "Mwalimu, watoto wako wamepita. Wewe ndiye uliyeanguka. Homa Bay waende, ila wewe ukae mbali na meza yetu."

Basi tulienda, nikaketi nyuma kabisa na wazazi, na watoto walipotangazwa washindi nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Lakini naapa, mimi na jaji tena, hata akiniomba maji ya kunywa kabla hajatangaza matokeo, nitamwonyesha bomba lilipo, ajichotee mwenyewe.