Majibu Yale Yale

Nilipokuwa nasoma shahada ya uzamili Mzumbe, nilitunga dodoso la kupima kukata tamaa. Ili kujua kama kipimo kinaaminika, ilinibidi niwaulize watu wale wale maswali yale yale mara mbili, kisha nilinganishe majibu.

Mmoja wao alikuwa mama mkulima wa huko juu Uluguru, aliyekuwa amemzika binti yake wa pekee mvua zilipoanza. Mara ya kwanza alinijibu kwa upole huku akimenya mihogo. Nilipomuuliza kama anaona kuna jema litakalokuja, alisema, "Hapana."

Baada ya wiki chache nilipanda tena. Aliponiona aliacha jembe, akanawa mikono, akanitandikia mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wamesemaje huko chuoni? Umeniletea dawa?"

Nikamweleza kwamba nimekuja kuuliza tena, nione kama majibu yamebadilika.

Akaniuliza, "Yatabadilikaje, na mwanangu hajarudi?"

Hata hivyo alinijibu maswali yote mpaka mwisho, kwa hapana zile zile.

Msimamizi wangu alifurahi. "Majibu yamelingana," alisema. "Kipimo chako kinaaminika."

Shahada nikapata. Mwaka uliofuata, sokoni mjini, nilimuulizia yule mama kwa muuza ndizi wa kijijini kwao. Akaniambia siku hizi haongei na mtu, na shamba lake limeota magugu. Nikachukua ndizi zangu, nikaondoka.