Meli Isiyokuwa na Gogo

Nitakayoyaeleza hapa niliyaona mwenyewe. Niliyoyasikia tu, nitayataja kuwa ya kusikia. Juzi, mjini Garsen, mjukuu wangu alifungua sanduku la vipande vya mbao vya kuundia meli ndogo ya mapambo, akaniuliza kipande kilichopinda kama upinde ni cha nini. Nilimjibu papo hapo: ni taruma, ubavu wa chombo. Hakujua jibu hilo lilivyonichoma.

Sanduku la namna hiyo nililiona kwanza kijijini Wema, utotoni. Lilikuwa la binti wa jirani, rika langu, aliyeletewa na babake kutoka kazini bandarini. Kila alasiri, baada ya kufukuza ndege kwenye mpunga, nilikwenda kwao na miguu yenye matope, nikitumaini kuruhusiwa kubandika walau kipande kimoja.

Kwetu mtumbwi huchongwa katika mti mmoja. Basi sote tulipekua sanduku tukitafuta gogo. Nyanya yangu alipita na ungo wake, akachungulia.

“Gogo liko wapi? Mwanangu, babako kauziwa kuni.”

“Na hata chai hazichemshi, nyanya,” nikadakia.

Watu wakacheka, nami nikaona raha. Afadhali tukose sote.

Binti hakucheka. Alikuwa amekaa likizo kwa shangazi yake mjini Kipini, pwani, na huko aliona mashua zikiundwa. Aliulaza ubao mrefu sakafuni, akavisimamisha juu yake vile vipande vilivyopinda, kimoja baada ya kingine.

“Huu ni mkuku, uti wa chombo. Haya mataruma. Kule hawachongi, nyanya, wanaunda.”

Nyanya akaweka ungo chini. “Haya, fundi,” akamwambia.

Mimi hakuwahi kuniita hivyo. Nilikuwa nikimwonea wivu kwa sanduku. Tangu saa ile nikamwonea wivu kwa shangazi pia.

Mpunga ule haulimwi tena, nyanya hayupo, na nyumba ya jirani ilichukuliwa na mafuriko. Wako wanaosema meli ile ilionekana ikielea mtoni, karibu na kijiji cha Kau. Wameambiwa na walioambiwa. Ninachoweza kukithibitisha ni siku ya kuikamilisha: binti aliwapa gundi watoto wengine wote wa kijiji, kila mmoja akabandika kipande chake. Mimi sikupewa; nilisimama mlangoni. Mlingoti wa mwisho binti aliusimamisha mwenyewe, akiwa amenipa mgongo.