Mawe ya Ng'ambo Reli

Ng'ambo Reli ni mtaa mdogo, lakini usimwambie hivyo Zilpa Amoding, maana atakushika mkono akutembeze. Reli iendayo Uganda ndiyo mpaka wa juu, na mto Malaba ndio wa chini. Kulia kuna barabara ambako malori hupanga foleni, na kushoto kuna shamba la miwa. Zilpa hutoka kwake kando ya mto na sufuria ya uji wa wimbi kichwani, na hadi afike kwenye malori uji haujapoa. Basi ndio upana wote huo. Lakini ndani ya kijipande hicho wamejaa Wateso waliotoka Angurai kama yeye, Wasamia, Wabukusu, na madereva kadhaa waliokuja kungoja karatasi za forodha siku mbili, wakaoa, wakakaa miaka kumi.

Zilpa ni mjane wa miaka hamsini na saba, na mdomo anao. Dereva aliyediriki kumwambia uji wake ni mwepesi alinyang'anywa kikombe na kuonyeshwa njia. Jambo moja tu humfunga kinywa, nalo ni mto. Ng'ambo Reli haina bomba wala kisima, kwa hiyo watu hunywa maji yale yale ambayo huko juu yameoshea ng'ombe na magurudumu ya malori. Miaka tisa iliyopita kipindupindu kilimchukua kitinda mimba wake, Fidel, akiwa na miaka saba. Wiki moja kabla ya hapo, Zilpa alikuwa kliniki, na muuguzi alipomuuliza ana watoto wangapi, alijibu kwa sauti kwamba ni sita. Siku ya mazishi mzee Okurut, kaka wa marehemu mumewe, alisema mbele ya watu wote kwamba watoto hawahesabiwi kama mbuzi, na kwamba mama aliyehesabu amekiita kifo nyumbani mwake. Tangu siku hiyo ukimuuliza Zilpa habari za watoto wake atakuuliza bei ya mahindi.

Sasa mwaka huu naibu wa chifu, Bwana Paulinus, aliitisha baraza. Alisema kaunti itachimba kisima katika kila mtaa wenye watu mia mbili au zaidi. Makarani walikwisha kupita nyumba kwa nyumba, na Ng'ambo Reli ilionekana kuwa na watu mia moja thelathini na mmoja. Kisima chao kingepelekwa kwingine. Alilisema hilo kama mtu anayetangaza chanjo ya kuku.

Zilpa aliinuka akiwaka. Alisema karani alihesabu akiwa amefumba macho, au alihesabu akiwa kwao. Karani mwenyewe, msichana mpole aitwaye Vivianne, alikuwa ameketi pale pale. Hakukasirika, alifungua tableti yake tu.

"Mama Zilpa, kwako nilikuja mwenyewe," alisema. "Nilikuuliza uko na watoto wangapi. Ulisema ni mmoja tu."

Ni kweli alisema hivyo. Na si yeye peke yake. Gentrix, jirani yake mwenye watoto saba, naye alisema ni mmoja, Mungu akipenda. Mwingine mwenye pacha alimsukuma mmoja chini ya kitanda na kumwonyesha karani aliyebaki. Kila nyumba ilikuwa imepunguza watoto wake kwa nia njema, kama walivyofunzwa na mama zao, na sasa walijikuta wamejinyima maji kwa midomo yao wenyewe. Zilpa alikaa chini taratibu. Aliona haya, na haya ilipopungua akaona hasira, safari hii juu ya nafsi yake.

Kabla watu hawajatawanyika alimfuata Vivianne na kumuuliza kama hesabu inaweza kurudiwa. Vivianne alimjibu kwamba Alhamisi saa nne asubuhi angepita tena akielekea mtaa mwingine, na kwamba atakachokithibitisha kwa macho yake atakiandika. Paulinus alicheka. Alisema watu wa hapa anawajua, hakuna atakayekubali kunyooshewa kidole.

Basi kidole kisinyooshwe, Zilpa akawaza. Kwa siku mbili alizunguka mlango kwa mlango akiuacha uji wake uungue. Aliwaambia kila mtu aokote jiwe moja mtoni kwa mkono wake, na mama awaokotee wanawe wote wa nyumbani kwake, wadogo kwa wakubwa, kisha mawe yarundikwe mahali kisima kinapotakiwa. Karani atahesabu mawe. Hakuna mtu atakayehesabiwa. Gentrix alikubali pale pale. Wengine walisema tutaona, na Ng'ambo Reli mtu akikuambia tutaona, amekwisha kukataa.

Alhamisi walikuja wote, kwa kuwa hakuna anayependa kusimuliwa. Watu wazima walitupa mawe yao bila shida. Lakini mawe ya watoto yalibaki yamefungwa kwenye leso, kwa sababu mzee Okurut alikuwa ameleta kigoda chake na kuketi kando ya rundo. Alisema neno moja tu, kwa upole, kwamba jiwe likiwekwa kwa niaba ya mtoto basi jiwe hilo ni mtoto. Vivianne akahesabu mawe, yakawa tisini na manne. Paulinus akatazama saa yake.

Zilpa alikuwa na mawe matano ndani ya leso. Aliogopa, na hakuna haja ya kumfichia. Watano ndio waliombakia. Kisha alimtazama mzee Okurut pale kwenye kigoda, ametulia kama siku ile ya mazishi, na maneno aliyoyameza miaka tisa yakamtoka.

"Mzee, nakuheshimu, lakini leo utanisikiliza," alisema. "Mimi sikumuua Fidel kwa kumhesabu. Ni hii maji ilimuua. Miaka tisa umeninyamazisha, na hii maji bado tunakunywa."

Akasogea hadi kwenye rundo. Alitupa jiwe la kwanza akamtaja Eric. La pili, Terry. La tatu, Ajiko. La nne, Mathew. La tano, Roselyn. Aliyataja majina kwa sauti ile ile ya kuwaitia madereva uji, na waliokuwa upande wa pili wa reli walisikia.

"Watano, mama?" Vivianne aliuliza.

"Nilizaa sita," alisema Zilpa. "Huyo wa sita usimwandike. Mto ulishamhesabu."

Gentrix ndiye aliyefuata, akiwa na mawe saba, na alitaja majina saba. Mama wa pacha akaweka mawili na kuomba radhi kwa yule aliyemficha chini ya kitanda. Baada ya hapo wanawake walisukumana kama wako kwenye foleni ya sukari. Vivianne alipofika mia mbili, Paulinus alisema imetosha, sasa waende. Zilpa akamwambia haijatosha, maana bado kuna watu hawajaandikwa, na karani akaendelea. Yakafika mia mbili thelathini na manane.

Amebaki mmoja, Zilpa akasema. Aliinama akaokota jiwe moja, akalifuta vumbi kwa leso, na kusimama mbele ya kigoda cha mzee Okurut.

"Hili ni lako, mzee. Na wewe pia unakunywa."

Mzee hakuinua mkono. Zilpa alibaki amemnyooshea lile jiwe, mbele ya mtaa mzima, na hakuurudisha mkono wake mpaka mzee alipolichukua.